Kabla Hujahamia Kisumu

Mtu wa Nyeri, Machakos au Nairobi akisikia umepata uhamisho wa kwenda Kisumu, hakuulizi habari za nyumba wala shule. Anakuuliza habari za mawe. Tangu utotoni ameiona Kisumu kwenye taarifa ya habari ya jioni: moshi wa matairi Kondele, vijana waliofunika nyuso, polisi wenye ngao, vitoa machozi vikifuka. Kwake huo ndio mji wenyewe, kuanzia Januari hadi Desemba.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya anayelazimika kuamua: muuguzi mwenye barua ya uhamisho mkononi, mwalimu, mfanyabiashara anayetafuta mji ambao kodi ya duka haitameza mtaji, mzee aliyestaafu Nairobi na hataki kurudi kijijini moja kwa moja. Msimamo wangu nausema mapema. Kisumu panafaa kuishi, tena panafaa kuliko miji kadhaa inayosifiwa kwa utulivu. Lakini yanayomsumbua mkazi wa Kisumu siku kwa siku si yale yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Ukija umejihami dhidi ya mawe ukasahau mbu, maji na udongo, utakuwa umeweka mlinzi kwenye lango ambalo mwizi hapitii.

Sifa ya mawe ilikotoka

Sifa ya mji huu ina tarehe zake. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia ingawa leo inabeba jina la Jaramogi Oginga Odinga. Waziri Tom Mboya, mwana wa Waluo, alikuwa ameuawa Nairobi Julai ya mwaka huohuo, na uchungu ulikuwa bado mbichi. Umati ulimzomea rais, maneno makali yakarushwa kati yake na Jaramogi, kiongozi wa upinzani, kisha walinzi wakafyatua risasi. Watu wakafa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama chake cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Tangu hapo Kisumu ikahesabiwa mji wa wapinzani, na wazee wa hapa watakuambia kwamba ililipia jina hilo kwa barabara na viwanda vilivyopelekwa kwingine.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na miezi iliyofuata. Maduka ya katikati ya mji yaliporwa na kuchomwa. Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara hapa walifukuzwa, mali yao ikaharibiwa. Mtu asikudanganye kwamba hilo halikutokea. Lakini lijue na lile ambalo kamera hazikulionyesha sana: Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza vifo vya Nyanza, iligundua kwamba wengi wa waliokufa waliuawa kwa risasi za polisi. Baada ya uchaguzi wa 2017 ikawa hivyo tena kwa namna nyingine. Polisi waliingia Nyalenda usiku wakisaka waandamanaji, wakavunja milango ya watu waliolala, na Mtoto Pendo, wa miezi sita, akapigwa na baadaye akafa. Uchunguzi wa mahakama ulipomalizika mwaka 2019, hakimu aliwawajibisha polisi.

Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha swali lako. Ukipanga nyumba Kisumu, hatari ya msimu wa siasa inategemea zaidi mtaa unakolala kuliko mji unakoishi. Watu wa Nyalenda, Manyatta na Obunga ndio waliobeba gharama, kwa kupigwa majumbani mwao na kwa kukosa riziki barabara zikifungwa. Milimani, Riat na Tom Mboya, usiku huohuo, watu walikuwa wakifuatilia matokeo sebuleni. Na ufukuzaji wa mwaka 2008 haujarudi kwa kiwango kile katika chaguzi zilizofuata, ingawa 2013, 2017 na 2022 zote zilimalizikia mahakamani na mgombea aliyeungwa mkono hapa hakuupata urais hata mara moja.

Tena siku hizi maandamano hayana mji. Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walitikisa karibu kila mji mkubwa wa Kenya, na jengo lililovamiwa lilikuwa Bunge, Nairobi. Na uwanja mkubwa wa michezo wa Mamboleo, ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2021, umepewa jina la Jomo Kenyatta, katika mji uleule wa risasi za 1969. Anayeamini kwamba watu wa hapa wamejifungia katika kinyongo na autazame uwanja huo.

Msimu wa siasa unavyoendeshwa

Mwenyeji wa Kisumu hujiandaa kwa uchaguzi jinsi mkulima anavyojiandaa kwa mvua, bila kelele. Wiki moja kabla ya kura unga, mafuta na mchele vimeshanunuliwa vya kutosha siku kumi. Tokeni za umeme zimepakiwa, mtungi wa gesi umejazwa, tangi la maji limejaa hadi juu. Anayetumia dawa za kila siku, za shinikizo la damu, kisukari au ARV, amechukua za mwezi mzima. Pesa kidogo taslimu ziko nyumbani, maana vibanda vya M-Pesa ndivyo vya kwanza kufungwa. Ukiwa na mtoto anayesoma shule ya kutwa upande wa pili wa mji, panga mapema atalala wapi barabara ikifungwa mchana.

Jifunze majina ya makutano. Kondele ndilo linalojulikana nchi nzima, kwa sababu barabara ya Kakamega inapita hapo katikati ya mitaa yenye watu wengi na vijana wengi wasio na kazi. Uko pia mzunguko wa Kachok, karibu na Uwanja wa Moi, na barabara inayopakana na Nyalenda. Siku ya matokeo, na siku ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, usipite huko hata kama ramani ya simu inaonyesha njia ni nyeupe. Muulize mtu wa bodaboda unayemfahamu. Yeye anajua kabla ya redio.

Mwenye biashara ana kazi moja ya ziada. Bima ya kawaida ya moto na wizi huwa haigharamii hasara ya machafuko ya kisiasa. Sehemu hiyo hununuliwa kando. Mwambie wakala akuonyeshe kifungu chenyewe kwenye karatasi, si kwa mdomo. Na kama unachagua kati ya duka linalotazama barabara kuu Kondele na jingine lililo hatua hamsini ndani, lile la ndani lina wateja wachache kidogo lakini utalala.

Basi. Mawe yameisha hapo. Siku chache katika miaka mitano, sehemu zinazojulikana, na njia za kujikinga zinazojulikana. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utakapofika, haya yote yatahitajika tena. Miezi iliyobaki ni ya mambo yafuatayo.

Mbu kwanza

Kisumu iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, takriban mita 1,130 juu ya bahari, na iko katika ukanda wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Mtu aliyekulia hapa ameugua mara nyingi utotoni na mwili wake umepata kinga ya kiasi fulani. Wewe uliyetoka Nairobi, Nyandarua au Kericho huna kinga hiyo, na mtoto wako hana kabisa. Hii ndiyo tofauti kubwa zaidi kati yako na jirani yako, kubwa kuliko kabila na kuliko kura. Jirani akipata homa anaweza kuvumilia hadi Jumatatu. Wewe usivumilie hadi kesho.

Kwa hiyo kabla ya kununua kochi, nunua vyandarua vilivyotiwa dawa, kimoja kwa kila kitanda, na uhakikishe kingo zake zinaingia chini ya godoro. Mama mjamzito anayehudhuria kliniki ya umma hupewa chandarua bila malipo, na ndivyo ilivyo kwa mtoto mchanga. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku watu wakiwa wamelala, hivyo wavu wa dirishani ni kitu cha kumdai mwenye nyumba wakati wa kujadiliana kodi, pamoja na rangi na kufuli. Mtu yeyote nyumbani akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinapatikana hata katika zahanati ndogo na majibu hutoka kwa dakika chache. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Ukipewa dawa ya AL, imeze hadi siku ya tatu iishe hata kama siku ya pili umeamka mzima. Na ukiwa na mtoto mchanga, uliza kuhusu chanjo ya malaria: Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika kaunti za eneo hili la ziwa, na hutolewa pamoja na chanjo nyingine za watoto.

Kisumu pia ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Kupima ni bure na huduma zake hapa zina uzoefu wa miaka mingi. Kijana anayehamia peke yake na alijue hilo kabla hajaanza kuzoea mji.

Maji, na udongo unaoyabeba

Wageni hushangaa kwamba mji unaopakana na ziwa kubwa kuliko yote Afrika unaweza kukosa maji. Kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, huchota kwenye ziwa pale Dunga na kwenye mto Kibos kule Kajulu, ambako maji hushuka mjini kwa mteremko wake yenyewe bila kusukumwa na pampu. Mabomba hayafiki kila ploti, na yanapofika hayana maji kila siku. Usimuulize ajenti wa nyumba kama maji yapo. Atasema yapo. Muulize mpangaji wa jirani maji yalitoka lini mara ya mwisho, na mtungi wa lita ishirini unauzwa pesa ngapi yakikatika. Akikupa bei papo hapo bila kufikiri, ujue hununua mara nyingi.

Nyalenda na Manyatta zina visima vifupi vingi, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi yako karibu sana. Kwa sababu hiyohiyo, shimo la choo na kisima huwa vinatumia maji yaleyale. Hicho ni chanzo kimoja cha kipindupindu kinachorudi mara kwa mara kwenye mitaa hiyo. Maji ya kisima yafulie na uoshee sakafu. Ya kunywa na ya kuoshea mboga yachemshe au uyatie klorini, hata kama yanaonekana safi kwenye glasi.

Halafu udongo. Upande wa mashariki wa mji, kuelekea Nyamasaria na uwanda wa Kano hadi Ahero, ardhi ni tambarare na udongo ni ule mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Mto Nyando hufurika huko karibu kila msimu mkubwa wa mvua. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba na vibanda vya ufuoni, Dunga ikiwemo. Nyumba nzuri yenye vigae vinavyong'aa inaweza kuwa imesimama mahali ambapo kila Aprili watu huvua viatu kuingia ndani.

Nyumba yenyewe itakuambia ukiitazama vizuri. Inama uangalie ukuta wa nje, karibu na msingi. Je, kuna mstari wa matope uliofifia, unaokwenda sawasawa kuzunguka nyumba nzima? Angalia sehemu ya chini ya geti: kutu ikiwa imekula kimo cha kiganja kutoka ardhini na juu yake rangi ni nzima, maji yalisimama hapo si mara moja. Angalia kizingiti cha mlango. Kikiwa kimeinuliwa kwa saruji ya rangi tofauti na sakafu, kuna mtu aliyeishi humu akachoka kufagia maji. Ndani ya kabati za jikoni, mbao za chini zikiwa zimevimba, umepata jibu. Kisha rudi tena mara ya pili, siku mvua imenyesha alasiri, uone bodaboda wanakataa kufika wapi.

Ulale mtaa gani

Milimani ndiko wakoloni walikojenga, na bado ndiko penye miti mikubwa, viwanja vipana na upepo wa ziwa. Ofisi nyingi za mashirika ziko huko, na kodi inafuata. Riat, mlimani kuelekea Kakamega, kuna ubaridi wa usiku na unaliona ziwa lote kutoka barazani. Lakini bila gari utazunguka, na maji kupanda mlima ni shida yake.

Kwa mwenye mshahara wa kawaida na watoto, mimi ningeanza kutafuta Migosi, Tom Mboya, Lolwe, Kenya Re, Polyview na Kanyakwar. Ni mitaa ya kazi na familia. Jioni utakuta mama mboga kwenye kona, chapati zinapikwa nje, watoto wako barabarani hadi giza liingie, na tuktuk hadi mjini hazikatiki. Mamboleo imekua haraka, na ukiwa na subira ya msongamano wa Kondele kila asubuhi inafaa. Muislamu atapenda kuwa karibu na Kaloleni au Bandani, kwa ajili ya msikiti na majirani. Anayefanya kazi Maseno au katika taasisi ya utafiti iliyoko Kisian atafute upande wa Otonglo na Kisian yenyewe, asipoteze saa mbili kila siku akivuka mji.

Manyatta na Nyalenda nisizipite haraka, kwa sababu ndiko vijana wengi wanaoanza maisha huishia, na hakuna aibu ndani yake. Ni karibu na mji kiasi cha kutembea, chumba ni nafuu, na jirani atajua umeugua kabla hujamwambia. Chagua ploti yenye bomba, yenye choo kinachonyonywa na lori badala ya shimo linalohamishwa, na yenye mwenye nyumba anayeishi humohumo. Wakati wa uchaguzi nenda ukalale kwa rafiki. Hayo manne yakitimia, miaka miwili Manyatta inaweza kukuwekea akiba ambayo Nairobi isingekuachia.

Joto nalo lina hesabu yake. Mchana hukaribia nyuzi 30 kwa mwaka mzima, na nyumba ya mabati isiyo na dari haikaliki saa nane. Dari, madirisha yanayotazamana, na mti upande wa jua la jioni ni vitu vya thamani kuliko jikoni ya kisasa. Alasiri upepo hugeuka ukatoka ziwani, mawingu yakajengeka, na mara nyingi ikanyesha kwa radi kali. Wenyeji huanua nguo mapema na kuchomoa televisheni kwenye soketi. Fanya hivyo na wewe.

Riziki

Hapa ndipo ningekuomba ufikiri kwa uzito kuliko kwenye siasa. Kisumu ni jiji tangu 2001, lakini mishahara yake inatoka mahali pachache: serikali ya kaunti, hospitali, vyuo, mashirika yasiyo ya kiserikali na utafiti. Kiwanda cha nguo cha KICOMI, kilichowahi kuajiri mji, kilianguka miaka ya 1990. Viwanda vya sukari vya Miwani, Chemelil na Muhoroni vimeyumba kwa muda mrefu. Kiwanda cha bia kilifunguliwa upya mwaka 2019, bandari imekarabatiwa, na treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi mwishoni mwa 2021 baada ya miaka mingi ya kutu. Ni dalili njema. Lakini usije na bahasha ya vyeti ukitegemea kwamba mji utakupokea kwa kazi. Njoo na barua ya kazi, au na mtaji, au na kazi unayoifanya kwa kompyuta na kulipwa kutoka kwingine. Kwa huyu wa mwisho hakuna mji mzuri zaidi Kenya: kodi ni ndogo kuliko Nairobi, uwanja wa ndege uko mlangoni, na Nairobi ni chini ya saa moja kwa ndege.

Mwenye mtaji aende Kibuye siku ya Jumapili kabla ya kukodi chochote. Soko hilo la nje ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki, na siku hiyo wauzaji hujaa hadi barabarani: mitumba, samani, mahindi, vyungu, kuku, baiskeli. Usinunue. Tazama watu wanauliza nini na hawakipati. Tazama pia bidhaa zinazovuka kutoka Uganda kupitia Busia, ambako ni mwendo wa saa mbili au tatu hivi. Mji huu hununua sana mwisho wa mwezi na hununua kidogo tarehe ishirini. Duka linalohitaji mauzo sawa kila siku litakutesa.

Ukitaka kununua shamba, polepole. Fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, kisha uende kwa miguu uone kama kuna makaburi. Ardhi ya familia ya Kiluo ina waliozikwa ndani yake, na muuzaji aliye tayari kukuuzia bila ndugu zake kujua anakuuzia kesi.

Samaki

Utatarajia samaki wa bei rahisi, na hutampata. Mbuta (sangara) mkubwa huenda kwenye viwanda vinavyosafirisha minofu ng'ambo, na kinachobaki mjini ni kichwa na mifupa iliyonyolewa nyama, mgongo wazi, ambayo wanawake wa Obunga huikaanga na kuiuza kwa wale wasioweza kununua samaki mzima. Sokoni pia kuna samaki wa barafu kutoka China, wa saizi moja, aliyepangwa vizuri. Uliza wazi kama samaki ni wa ziwani, wa vizimba au wa China. Mama samaki ana heshima zake; ukiuliza kwa adabu mara nyingi atakuambia ukweli.

Ukienda Dunga asubuhi, mwombe mama samaki afunue shavu la ngege (tilapia) uone ndani. Pawe pekundu pa damu mbichi. Pakiwa pa kahawia, huyo amelala. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, na nyama irudi juu mara unapoachia. Jicho liwe limejaa, si limezama. Kisha mwachie akupalie magamba, maana atamaliza watatu kabla hujamshika mmoja vizuri, na umwongezee kitu kidogo kwa kazi hiyo. Omena (dagaa) inunuliwe kavu na isiyo na mchanga. Chukua konzi, sugua kwenye viganja, uangalie kilichobaki mkononi.

Kukaa na watu

Kiswahili kitakutosha sokoni, kwenye tuktuk na ofisini. Lakini ukisema kwa Kijaluo oyawore asubuhi na erokamano ukipokea chenji, bei itashuka na uso wa mtu utafunguka. Siku za mwanzo watu watazungumza Kijaluo mbele yako bila kukusudia kukutenga. Waambie huelewi, watageuza. Kwenye siasa, sikiliza mwaka mmoja kwanza. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi na mgombea yule aliyeungwa mkono hapa, alipofariki Oktoba 2025 na mwili wake ukalazwa Mamboleo ili watu wauage, mji mzima ulikuwa msibani, na jirani yako huenda bado ana picha yake ukutani. Mheshimu marehemu wa watu hata kama hukumpigia kura.

Jiandae kwa matanga. Mazishi hapa hayafanywi haraka wala kwa siri. Ijumaa utakutana na misafara inayotoka mochari kuelekea vijijini, magari yamefungwa matawi, honi zinalia. Jumamosi nusu ya wafanyakazi wenzako hawapo mjini. Orodha ya michango itakufikia kwenye simu tangu mwezi wa kwanza, na ni vizuri utenge kiasi maalumu cha mshahara kwa ajili yake ili usikasirike kila mara. Toa kidogo lakini toa, na mara mojamoja nenda mwenyewe. Mtu aliyekuona umesimama kwenye boma la baba yake siku ya mazishi hatakuita mgeni tena, na usiku wa machafuko ndiye atakayekupigia simu kukuambia usitoke.

Wizi upo kama miji yote: simu kunyakuliwa ukiwa kwenye tuktuk iliyo wazi, mifuko kupapaswa kwenye stendi kuu ya mabasi. Usiku tumia dereva mmoja au wawili unaowafahamu kwa majina. Kwa matibabu makubwa hospitali ya Russia hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka magharibi yote ya Kenya, na foleni yake inalingana na hilo; hospitali za kibinafsi zipo za viwango tofauti. Kamilisha usajili wako wa bima ya afya ya SHA kabla ya kuhama.

Nani asije

Asije anayehitaji kuwa Nairobi kila wiki kwa barabara, maana ni kilomita 350 na mgongo wake utamdai. Asije anayetafuta ajira yoyote ile. Mwenye mimba changa anayetoka nyanda za juu na aongee na daktari wake kwanza kuhusu malaria, na kama kuhama kunaweza kungoja mtoto azaliwe, kungoje. Asije pia mtu anayejua moyoni kwamba hatawahi kuwaamini watu wa hapa. Atajifungia Milimani, atalipa kodi kubwa, na ataogopa kila mwezi.

Wengine wote, njooni kwa awamu. Mwenye kazi atangulie peke yake mwezi wa Aprili, msimu wa mvua ndefu, apange chumba cha muda mfupi na atazame nyumba huku matope yapo. Familia ifuate shule zikifungwa Agosti. Mkataba wa kwanza uwe wa miezi sita, si mwaka. Na mkishatulia, mtu mzima wa nyumba aende ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge lake, Kisumu ya Kati kwa Milimani na Migosi, Kisumu Mashariki kwa Kajulu na upande wa Nyalenda A, ahamishe kituo chake cha kura mapema kabla usajili haujasimamishwa. Mwakilishi wa wadi (MCA) ndiye anayesukuma mabomba ya maji na mitaro, na ukimpigia simu kuhusu mtaro uliofurika, atataka kujua unapiga kura wapi.